Runinga inawaka kutwa na mtoto haitazami: kuna ubaya?

"Daktari, nina binti wa miezi 22 na kijana wa miaka 13. Mama mkwe wangu anaishi nasi, na ndiye anayekaa na mtoto nikiwa kazini. Runinga inawashwa asubuhi, inazimwa usiku watu wakienda kulala. Si katuni, ni taarifa za habari, mijadala na tamthilia. Binti yangu wala haitazami, ana shughuli zake sakafuni. Kijana naye anafanyia kazi za shule palepale sebuleni na anasema makelele hayo hayamsumbui, kinachomsumbua ni kimya. Sasa nimesoma mahali kwamba runinga inachelewesha watoto kusema, na binti yangu ana maneno kama ishirini tu, hajaanza kuunganisha mawili. Nilipomgusia mume wangu, akajibu kwamba sisi sote tumekulia mbele ya runinga na tunaongea vizuri. Mama mkwe anasema mtoto anaokota maneno humo humo. Sitaki kukosana na mama, ananisaidia mno. Je, runinga asiyoitazama mtoto inaweza kweli kumdhuru? Na nifanyeje?"

Dada yangu, swali lako ni moja lakini linabeba watu wengi: binti, kijana, mama mkwe, mume na wewe mwenyewe. Nitaanza na binti, kwa kuwa ndiye anayekunyima usingizi, kisha nitawafikia wengine.

Jibu fupi ni ndiyo. Runinga inayowaka bila mtazamaji inamgusa mtoto hata akiwa ameipa mgongo. Ila haimgusi kwa njia wanayoidhania wengi. Wazazi wanaoniletea wasiwasi huu hufikiri hatari iko machoni, kwamba mtoto ataganda mbele ya kioo. Wakiona hatazami, wanashusha pumzi. Kwa vipindi vya watu wazima vinavyojiendea pembeni, macho ya mtoto si mlango mkuu. Kuna milango mingine miwili: mchezo wake unakatwakatwa, na wakubwa wanaomzunguka wananyamaza. Kwa maoni yangu huo wa pili ndio mzito zaidi, na ndio usiotajwa.

Tuanze na mchezo. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, nchini Marekani, walichapisha jaribio ambalo mpaka leo ndilo ninalolirejea kwanza. Waliwachukua watoto 50, wa mwaka mmoja, miwili na mitatu, wakawaacha wacheze na vitu vya kuchezea kwa saa moja. Nusu saa runinga ilikuwa imewashwa, ikionyesha kipindi cha chemsha bongo cha watu wazima, na nusu saa ilizimwa. Watoto waliitupia jicho kwa nadra, chini ya mara moja kwa dakika, na kila walipotupa jicho ilikuwa ni sekunde chache tu. Mtu yeyote aliyekuwa pale angesema kama unavyosema wewe: wala hawaitazami. Lakini mchezo wenyewe ulipopimwa, ilionekana kwamba runinga ikiwa imewashwa mtoto hukaa na kitu kimoja kwa muda mfupi zaidi, na zile nyakati za kuzama kabisa katika anachokifanya hupungua.

Jambo hili unaweza kuliona mwenyewe ukikaa naye sakafuni. Ana vikombe viwili vya plastiki na kijiti. Anakitia kijiti kwenye kikombe cha kwanza, anakitoa, anakihamishia cha pili, anakichungulia. Kisha anakilaza juu ya mdomo wa kikombe na kukisukuma kwa kidole. Anachunguza kitu: je, kikilala kitaingia? Hapo muziki wa tangazo unalipuka. Anainua kichwa, sekunde mbili, anakirudisha chini. Ungedhani hakuna kilichotokea. Lakini mkono haurudi kwenye kijiti, unakwenda kwenye kiatu kilichokuwa karibu. Lile swali alilokuwa akilifanyia kazi limeponyoka, na kwa umri wake hana namna ya kulitafuta tena. Ikiwa hivyo kutwa nzima, ni kuinjika chungu na kukiepua kabla hakijapata moto.

Kinachomgeuza kichwa si utukutu wala udhaifu wa akili. Ubongo wa kila kiumbe umeumbwa kugeukia sauti ya ghafla, mwanga uliobadilika na kitu kilichosogea. Ivan Pavlov, yule mwanafiziolojia Mrusi aliyejulikana kwa mbwa wake, aliuita mwitiko huu wa "ni nini hiki?", na bila huo wanadamu wasingefika mbali. Sasa runinga imejaa vichocheo vya mwitiko huo: picha zinabadilishwa kila baada ya sekunde chache, makofi yanalipuka, matangazo yanaingia kwa kishindo. Wewe na mimi tunazo breki. Sehemu za mbele za ubongo zinakagua, zinasema "si kitu", na kuturudisha tulipokuwa. Lakini sehemu hizo huendelea kukomaa hadi mtu anapofika miaka ya ishirini na kitu. Kwa mtoto wa miezi 22 ndiyo kwanza zinaanza kazi, na mojawapo ya mazoezi yake ni mchezo mrefu usiokatizwa.

Sasa mlango wa pili. Maabara ileile ilichapisha utafiti mwingine mwaka 2009, safari hii ikiwatazama wazazi. Watoto 51 wa umri uleule walikaa na mzazi kila mmoja, runinga ikiwashwa kwa nusu saa na kuzimwa kwa nusu saa. Runinga ilipokuwa imewashwa, wazazi walijihusisha na watoto wao kidogo zaidi, na hata walipojihusisha ilikuwa nusunusu. Mwaka huohuo ukachapishwa utafiti uliofanyika majumbani. Watoto 329, wa kuanzia miezi miwili hadi miaka minne, walivalishwa nguo zenye kinasa sauti kidogo kilichonasa kila walichosikia na kusema. Kwa kila saa ambayo runinga ilisikika, maneno ya mtu mzima yaliyomfikia mtoto yalipungua kwa wastani wa 770. Sauti za mtoto mwenyewe zilipungua pia, na kadhalika ile hali ya kupokezana maneno, huyu akisema na yule akijibu.

Naomba uelewe vizuri hapo. Runinga haikuongeza maneno nyumbani, ilipunguza. Nyumba ilijaa sauti lakini mtoto akasemeshwa kidogo.

Picha yake ni hii. Mtoto anaonyesha dirishani na kusema, "Gali!" Runinga ikiwa imezimwa, bibi anageuka: "Eeh, gari! Gari kubwa hilo. Linakwenda wapi?" Mtoto anasema, "Nda." Bibi anamalizia, "Limekwenda, ee? Limekwenda zake." Hazizidi sekunde kumi, lakini mtoto amerudishiwa neno lake likiwa limenyooka, ameongezewa "kubwa", amesikia "linakwenda" na "limekwenda" zikitofautiana wakati jambo lenyewe likitokea mbele ya macho yake, na juu ya yote amegundua kwamba akisema, mtu hujibu. Sasa iweke tamthilia pale pale. Mtoto anasema, "Gali!" Bibi, macho yakiwa kwenye kioo, anaitika: "Mm." Anampenda mjukuu vilevile. Ni masikio yake yaliyochukuliwa. Mtoto anarudia mara moja, labda mbili, kisha anaacha.

Kupokezana huko ndiko kunakobeba uzito, kuliko hata wingi wa maneno. Mwaka 2018 watafiti wa Boston walirekodi mazungumzo ya nyumbani ya watoto wa miaka minne hadi sita, kisha wakachunguza bongo zao kwa mashine wakisikilizishwa hadithi. Watoto waliozoea kupokezana maneno na wakubwa ndio ambao eneo la Broca, lenye kazi kubwa katika lugha, lilifanya kazi kwa nguvu zaidi. Tofauti hiyo ilibaki hata baada ya kuzingatia kipato cha familia na jumla ya maneno waliyoyasikia.

Hapa ndipo ninapomjibu mama mkwe wako, kwa heshima zote, kuhusu kuokota maneno humo humo. Kuna jaribio la mwaka 2003 la Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, ninalolipenda kwa sababu linajibu hoja hiyo moja kwa moja. Watoto wa Kimarekani wa miezi tisa waliletewa lugha ya Kichina cha Mandarini kwa vipindi 12. Baadhi walikaa na msemaji wa lugha hiyo ana kwa ana, akiwasomea na kucheza nao. Wengine walioneshwa wasemaji haohao kwenye runinga, au walisikilizishwa sauti zao peke yake. Wale wa ana kwa ana walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Wale wa runinga hawakupata kitu, wakawa sawa na watoto ambao hawakuwahi kukisikia kabisa. Runinga haimsubiri mtoto, haimtazami anachokitazama, haimjibu. Mama hajakosea moja kwa moja, kwa kuwa mtoto aliyevuka miaka miwili au mitatu anaweza kujifunza maneno kutoka kwenye kipindi kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto, hasa mtu mzima akikaa kando na kumfafanulia. Lakini taarifa ya habari na tamthilia si vipindi hivyo, na mtoto wako hajafika umri huo.

Kuna jambo la tatu, dogo kidogo lakini linamhusu binti yako kabisa. Wewe ukizungumza na mtu penye kelele, yale usiyoyasikia unayajazia, kwa sababu maneno yenyewe unayajua tayari. Mtoto hana cha kujazia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison walichapisha mwaka 2016 jaribio la kuwafundisha maneno mapya watoto wa kati ya miezi 22 na 30, huku watu wengine wakisikika wakiongea nyuma. Sauti hizo za nyuma zilipokuwa chini ya sauti ya mwalimu kwa desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), watoto walijifunza. Zilipokuwa chini kwa desibeli 5 tu, hawakujifunza. Mtu mzima angewaelewa wasemaji katika hali zote mbili, na asingedhani kwamba mtoto aliye kando yake anapata shida.

Nije kwa mume wako. Amesema kweli kwamba wengi tumekulia mbele ya runinga na tunaongea. Sitaki umpelekee jibu hili kama rungu, maana kuna mambo ambayo sayansi haijayathibitisha na ni haki yake kuyajua. Majaribio ya maabara yanaonyesha bila shaka kwamba runinga ikiwashwa, mchezo na mazungumzo hubadilika papo hapo. Kutoka hapo hadi kusema mtoto fulani amechelewa kwa sababu ya runinga, ni mwendo mrefu. Tafiti za majumbani zinaonyesha mambo yanayokwenda pamoja, na nyumba ambamo runinga haizimwi huenda zinatofautiana na nyingine kwa mambo mengi: uchovu wa wazazi, idadi ya watu, muda wanaokuwa nje. Runinga peke yake haimfanyi mtoto bubu, wala haisababishi usonji, ingawa maneno hayo yanasambazwa sana. Mtoto anayesemeshwa kwa wingi saa nyingine za siku anaweza kuwa salama kabisa.

Ninachokikataa katika hoja yake ni kule kutupilia mbali. Kwamba tulipona hakuonyeshi kwamba hatukukosa kitu, na gharama ya kuzima ni ndogo mno ukilinganisha na faida inayowezekana. Ndiyo maana Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, kinawaambia wazazi wazime runinga isipotazamwa. Na nyumba yako haiko peke yake: utafiti wa kitaifa huko Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta watoto wa kati ya miezi minane na miaka minane wakiishi na runinga ya pembeni kwa karibu saa nne kila siku. Kwa hiyo usijilaumu. Hakuna aliyetuambia mapema kwamba runinga isiyotazamwa nayo inahesabika.

Kuhusu kijana wa miaka 13, namwamini anaposema haimsumbui, kwa maana ya kwamba hahisi kusumbuliwa. Lakini kuhisi ni jambo moja na kufanya kazi vizuri ni jingine. Maneno yanayosemwa huingia kwenye akili bila kubisha hodi. Tangu miaka ya 1970 wanasaikolojia wameonyesha mara nyingi kwamba mtu anayejaribu kukariri mfululizo wa tarakimu huku maneno yakisemwa kando hukosea zaidi, hata akiambiwa ayapuuze, hata yakiwa ya lugha asiyoijua. Utafiti uliofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba wanafunzi wa sekondari waliofanya kazi za shule huku tamthilia ikiendelea kwenye runinga walifanya vibaya kuliko waliokaa kimya, ilhali muziki haukuwaathiri. Kwenye tamthilia kuna jambo jingine tena: mtu akishaitazama kwa sekunde kama 15 mfululizo, kujing'oa kunakuwa kugumu zaidi kila sekunde inavyopita. Anainua macho kidogo tu, kisha anashtukia dakika tano zimekwenda.

Usimhubirie. Kijana wa umri huo humwamini zaidi aliyemwachia apime mwenyewe. Achague kazi mbili zinazofanana, moja aifanye runinga ikiwaka na nyingine ikiwa imezimwa, aandike ametumia dakika ngapi na amekosa mangapi. Arudie siku chache ili bahati isimdanganye. Akisema kimya kinamsumbua, hilo nalo nalielewa. Amezoea sauti, na kimya cha ghafla hukufanya usikie kila mlango unaofungwa. Kazi nyepesi, kama kunakili au kuchora, anaweza kuzifanya na muziki wa chini usio na maneno. Kazi ya kusoma kwa kuelewa au kukariri inataka utulivu.

Sasa mama mkwe, ambaye nadhani ndiye moyo wa swali lako. Nimesikia wazazi wengi wakifikia uamuzi wa kupiga marufuku, na sijauona ukidumu. Mtu anayekaa nyumbani na mtoto mdogo kutwa anachoka, na yuko mpweke. Ile runinga ni sauti ya mtu mzima mwenzake. Ukiizima bila kumpa kitu badala yake, umemwachia nyumba tupu, na mtu mpweke, mwenye kinyongo, hana hamu ya kuzungumza na mtoto. Utakuwa umepoteza kile kile ulichokitafuta.

Ningependa aseme mume wako, kwa kuwa ni mama yake, na aanze kwa kumpa mama nafasi yake: "Mama, mtaalamu anasema mtoto wa umri huu hufunzwa kusema na mtu anayekaa naye mchana, na huyo ni wewe. Tunaomba tupate saa kadhaa za asubuhi runinga ikiwa imezimwa, akusikie vizuri." Hilo si kumpaka mafuta, ni kweli tupu. Yeye ndiye mwalimu mkuu wa lugha wa mtoto wako kwa sasa.

Kisha mchague saa badala ya kupigania siku nzima. Asubuhi mtoto akiwa na nguvu, wakati wa kula, na ile saa ya jioni mnapokutana wote. Vipindi anavyovipenda mama abaki navyo, avitazame kwa raha zake, ikiwezekana mtoto akiwa amelala mchana, na kipindi kikiisha rimoti ifanye kazi yake. Shida kubwa iko kwenye kipindi kinachofuata, kile ambacho hakuna aliyekichagua. Saa nyingi za runinga ya pembeni ni za namna hiyo, na ndizo zinazotoka bila mtu kuumia.

Watu huniuliza kuhusu njia za kati, na zina thamani tofauti. Kupunguza sauti kunasaidia masikio ya mtoto lakini hakumrudishii bibi macho. Kuzima sauti na kuacha picha, hivyo hivyo, tena maandishi yakipita chini ya kioo ndipo mtu hukazia macho zaidi. Redio ya mazungumzo haina picha, kwa hiyo inavuta kidogo, ila maneno yake bado yanashindana na ya bibi. Muziki wa chini kwa muda ni afadhali, na akiimba pamoja na mtoto ni vizuri sana. Vifaa vya kuvaa masikioni sivishauri kabisa kwa mtu aliye peke yake na mtoto wa miezi 22, kwa sababu ya usalama kwanza, halafu kwa sababu sauti ya mtoto ndiyo itakayozibwa. Na simu ya mkononi iingie kwenye makubaliano hayo hayo. Mkizima runinga kila mtu akainamia simu yake, mtoto hajapata mtu wa kumjibu.

Nikuulize na wewe jambo moja: sauti ya runinga imekuwa ikipanda mwaka hadi mwaka? Mama analalamika kwamba watu siku hizi wanamumunya maneno? Umri ukisogea, sauti nyembamba zinazotenganisha neno na neno ndizo hupotea kwanza, na kelele za nyuma huzidisha ugumu. Mzee wa namna hiyo anaweza kunyamaza mezani, mkadhani hana la kusema, kumbe hasikii mnachosema kwa sababu ya runinga. Kipimo cha masikio kwa mama kinaweza kubadilisha nyumba yenu kuliko mashauri yangu yote. Ninyi wakubwa pia mtaiona tofauti jioni. Mazungumzo yanahitaji vituo, mtu anyamaze kidogo, atafute neno, mwenzake amsubiri. Runinga hujaza kila kituo, na mambo mazito hubaki yakiahirishwa.

Siku za mwanzo msitegemee makubwa. Mtoto aliyezoea kelele anaweza kuwa msumbufu zaidi, akiwafuatafuata. Huyo anatafuta mtu wa kucheza naye, na ni dalili nzuri. Wala hamhitaji kumsemesha bila kupumua. Mfuateni anachokitazama, mkitaje, mumsubiri ajibu. Kusubiri ndiko watu hukusahau. Hesabu kimoyomoyo mpaka tano kabla hujamjibia.

Nimeliacha mwisho lile ambalo halipaswi kungoja. Binti wa miezi 22 mwenye maneno ishirini ambaye hajaunganisha mawili yuko upande wa chini wa kawaida. Kwa kawaida mtoto anapofika miezi 24 tunatarajia awe na maneno kama 50 au zaidi, na aanze kusema vitu kama "mama njoo" au "baba nenda". Hesabu tena kwa uangalifu kabla ya kuogopa: "gali" ni neno, mlio wa mnyama anaoutumia kumtaja mnyama huyo ni neno, na kama nyumbani mnasema lugha mbili, maneno ya lugha zote mbili yanajumlishwa. Watoto wengi wanaochelewa hivyo huja kuwafikia wenzao. Lakini hatuwezi kumtambua kwa kumtazama tu nani atawafikia na nani anahitaji msaada, kwa hiyo usingoje kuona kama kuzima runinga kutatosha. Fanya yote mawili kwa pamoja.

Anza na kipimo cha masikio, hata kama anageuka ukimwita. Majimaji nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua yanaweza kumfanya asikie sauti lakini asipate maneno, na hayaonekani kwa nje. Kisha aonwe na mtaalamu wa usemi na lugha, au kliniki ya watoto iliyo karibu ikupe rufaa. Kumpeleka ndani ya miezi miwili hii ijayo kunatosha kwa mtoto anayekuelewa, anayekuonyesha vitu kwa kidole, anayekutazama usoni na kukuletea kiatu ukimwambia alete bila kukionyesha. Kama mojawapo ya hayo halipo, au haitikii jina lake, nenda wiki hii. Na kama alikuwa na maneno kisha yakapotea, nenda mara moja, usikubali kuambiwa mtoto atasema tu akikua.

Mkienda, beba orodha ya maneno yake yote uliyoyahesabu, na video fupi mbili tatu za simu akicheza nyumbani, kwa sababu watoto wengi hufunga mdomo mbele ya mgeni. Na kama inawezekana, nenda na mama mkwe. Maswali mengi tutakayouliza yanahusu saa za mchana, na majibu anayo yeye.